Prosesa ya Gitaa Iliyotumika: Namna ya Kuijaribu Nyumbani Kabla Hujamaliza Biashara

Prosesa ya gitaa, yaani kisanduku kinachoiga sauti za amplifaya na efekti, haichakai jinsi spika au gitaa lenyewe linavyochakaa. Amplifaya na efekti zilizomo ndani yake ni hesabu zilizohifadhiwa kwenye chipu, na hesabu hazilegei wala hazishiki kutu. POD ya kwanza, prosesa ya kampuni ya Line 6 iliyotoka mwaka 1998, kama bado ni nzima hutoa sauti ileile iliyotoa siku ilipofunguliwa dukani. Kinachochakaa ni kile kinachoguswa: tundu la umeme, jeki, swichi za mguu, vitufe vya kuzungusha, pedali, skrini. Kwa hiyo anayesimama dukani akapitia pachi (mipangilio ya sauti iliyohifadhiwa) kumi zenye majina makali, akafurahi na kulipa, amepima sehemu isiyoharibika na kuziacha zote zinazoharibika.

Mwongozo huu ni wa yule aliyepata prosesa Kampala, Busia, Arua au popote Uganda, iwe imeletwa na ndugu kutoka Uingereza, imeingia na mzigo wa Dubai, au inauzwa na mpiga gitaa wa kanisani aliyepata kubwa zaidi. Jioni moja na asubuhi yake vinatosha. Uwe na gitaa lako mwenyewe, waya mbili za gitaa unazoziamini, hedifoni za waya, multimita (hata ya kuazima kwa fundi redio), betri mpya za AA ikiwa prosesa inazipokea, na karatasi. Andika kila unachokiona, kwa sababu karatasi hiyo ndiyo utakayorudi nayo kwa muuzaji.

Makubaliano

Kujaribu nyumbani kuna maana ikiwa tu kurudisha kunawezekana. Muuzaji atakwambia, "Ssebo, si tumeiwasha hapa na umeisikia?" Mjibu kwa upole kwamba kuwasha dakika tano hakuonyeshi kitu. Pendekeza uache pesa yote kama amana, mwandikiane kuwa unazo siku mbili au tatu za kuirudisha ikiwa na kasoro, naye atie sahihi. Namba ya utambulisho iliyo chini ya kifaa iandikwe pale pale. Piga picha pande zote, mikwaruzo yote ionekane, yeye akiwepo, ili kesho pasiwe na ubishi juu ya nani aliyeiangusha.

Muulize pia ilikuwa ya nani na kwa nini inauzwa. Anayekataa kuandika na kukataa kujibu, achana naye hata kama bei inavutia. Vyombo vya bendi na vya makanisa huibwa, na kikitambuliwa mkononi mwako utapoteza kifaa na pesa pamoja.

Ukipanda boda, ifunge kwa nguo na kuiweka kwenye mkoba ulioukumbatia kifuani. Kuning'iniza mfuko kwenye usukani ndiko kunakovunja jeki.

Umeme, kabla ya muziki wowote

Hapa ndipo prosesa nyingi nzima hufa siku ya kwanza katika nyumba mpya, kwa hiyo tulia. Usichomeke chochote bado. Igeuze, soma kibandiko cha chini au maandishi yaliyo kando ya tundu la umeme. Unatafuta mambo manne: volti ngapi, umeme wa aina gani, miliampea ngapi, na ncha ipi ya plagi ni chanya.

Volti nyingi utakazokuta ni 9. Aina ya umeme ndiyo inayowaponyoka watu. Alama ya wimbi dogo maana yake ni AC, umeme unaobadilisha mwelekeo. Mstari ulionyooka wenye vistari vya vipande chini yake ni DC, umeme wa mwelekeo mmoja. Prosesa nyingi zinataka DC, lakini POD za mwanzo na POD XT zinataka AC ya volti 9. Adapta mbili zinaweza kufanana kwa rangi, uzito na plagi, huku moja ikitoa AC na nyingine DC.

Miliampea za adapta ziwe sawa na zinazotakiwa au zaidi. Zaidi haidhuru, kwa kuwa kifaa huchukua kinachokihitaji tu. Pungufu ndiyo tatizo: prosesa itawaka, skrini itaonekana nzuri, kisha utakapowasha efekti nzito itazima na kujiwasha upya. Zoom ndogo kama G1 Four zinatosheka na miliampea 500. HX Stomp ya Line 6 inahitaji 3000. Ukiona prosesa inajizima, adapta iwe ya kwanza kushukiwa, maana huenda kifaa hakina kosa lolote.

Kisha ncha. Tafuta mchoro mdogo wa duara lenye nukta katikati na alama za kujumlisha na kutoa. Vifaa vingi vya gitaa vinavyotumia DC vinataka hasi katikati. Adapta za ruta za intaneti, ambazo zimejaa kila nyumba siku hizi, huwa na chanya katikati, plagi yake mara nyingi inaingia vizuri kabisa kwenye tundu la prosesa, na baadhi hutoa volti 9 zilezile au 12. Muuzaji aliyepoteza adapta ya asili hukupa hii kwa nia njema. Prosesa nyingine zina ulinzi ndani na zitakataa tu kuwaka. Nyingine zitaungua kabla hujanusa harufu. Kwa hiyo pima kwa multimita: waya mwekundu ndani ya tundu la plagi, mweusi nje. Ikisoma namba yenye alama ya kutoa mbele yake, katikati ni hasi. Usishtuke adapta nzito ya zamani yenye transfoma ikisoma volti 12 au 13 ilhali imeandikwa 9, kwani ikiwa haina mzigo ndivyo inavyosoma.

Bado kuna upande wa ukutani. Umeme wa Uganda ni volti 240, hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde. Adapta iliyokuja na ndugu kutoka Marekani huenda imeandikwa 120V, na ya Japani 100V. Kipande cha plastiki cha kubadilisha plagi hakibadilishi volti hata moja. Ukisoma "100–240V" chomeka bila wasiwasi. Ukisoma 100V au 120V pekee, tafuta adapta nyingine au transfoma ya kushusha umeme. Za Boss ni rahisi kutambua, kwani namba iliyo kwenye jina hufuata volti: PSA-100 ni ya 100V, PSA-120 ya 120V, PSA-230 inatufaa.

Prosesa ikiwa inakubali betri, kama Boss GT-1 na G1 Four zinavyokubali AA nne, mimi huanza na betri. Hakuna ncha ya plagi ya kukosea, hakuna volti ya kuzidi, na baadaye utaona jinsi betri zinavyosaidia kutambua chanzo cha kelele. Fungua chumba cha betri utazame vibati vyake. Unga wa kijani au mweupe ni dalili ya betri iliyovuja. Ukiwa juu juu, husafishika. Ukiwa umekula kibati hadi kimekatika, andika.

Ukipata umeme wa Yaka (mita ya kulipia kabla) uliokatika na kurudi jioni hiyo, ngoja dakika kadhaa utulie ndipo uchomeke. Volti za sekunde za kwanza haziaminiki.

Mwili

Itikise taratibu karibu na sikio. Skrubu inayotembea ndani inaweza kugusanisha vitu viwili visivyopaswa kugusana. Angalia vichwa vya skrubu za chini: vikiwa vimechubuka, kuna mtu alishaifungua, na una haki ya kuuliza kwa nini. Mulika kwa tochi ya simu kwenye matundu. Mende hupenda joto la vyombo vya umeme na uchafu wao hula njia za shaba. Chombo kilichokaa karibu na ziwa, Entebbe au Jinja, kikague kutu kwenye mdomo wa kila jeki.

Kuwasha na kufuta ya mwenye zamani

Chomeka gitaa na hedifoni, lakini hedifoni ziwe mezani, sauti ikiwa sifuri. Ndipo uwashe. Tazama skrini yote, mistari iliyokufa, mwanga unaopepesa. Ongeza sauti polepole.

Kabla ya kuhukumu chochote, irudishe kwenye mipangilio ya kiwandani. Kila kampuni ina njia yake, na vitabu vya maelekezo vya karibu modeli zote vinapatikana bure kwenye tovuti za watengenezaji. Hatua hii huokoa muda mwingi, kwa sababu sehemu kubwa ya "kasoro" za prosesa iliyotumika ni chaguo za mwenye zamani: alizima uigaji wa kabineti (kisanduku cha spika ya gitaa), alipandisha trebo ya jumla kwa ajili ya ukumbi fulani, alitenga pedali isifanye kazi. Ikiwa zipo pachi zake unazozitaka, ziandike au uzihifadhi kwenye kompyuta kwanza. Baada ya kufuta, pedali ya kukanyagia inaweza kuhitaji kufundishwa upya mwanzo na mwisho wake, fuata kitabu.

Jeki, swichi na vyote vinavyokanyagwa

Chagua pachi tupu isiyo na efekti. Piga uzi mmoja uendelee kulia huku ukitingisha plagi kwenye jeki ya kuingilia, juu, chini, kushoto, kulia. Sauti ikikatika, badilisha waya kwanza. Ikiendelea kukatika, jeki imelegea au imevunjika pale ilipounganishwa na bodi. Rudia kwa jeki ya kutokea ya kushoto, ya kulia, na ya hedifoni. Kwenye hedifoni hakikisha masikio yote mawili yanasikia.

Tundu la umeme nalo litingishe, kwa wepesi zaidi. Prosesa inayozima ukiigusa itakuzimia katikati ya ibada.

Swichi za mguu zikanyage moja moja, kwa kiatu unachopigia jukwaani, wala si kwa kidole cha mkono. Kanyaga pole, kanyaga haraka, kanyaga pembeni mwa kichwa cha swichi. Ugonjwa wa kawaida ni swichi inayoruka, yaani unakanyaga mara moja nayo inahesabu mbili, kwa hiyo efekti inawaka na kuzima papo hapo. Swichi nyingine hazisikii mpaka uzisimamie. Chini ya nyingi kati ya hizo kuna kiswichi kidogo cha bei ndogo ambacho fundi mzuri hubadilisha bila shida, kwa hiyo swichi moja mbovu ni sababu ya kupunguziwa bei, haitoshi kuvunja biashara. Nne mbovu ni habari nyingine: ilitumika sana, na mengine yako njiani.

Vitufe vya kuzungusha vizungushe polepole mpaka mwisho na kurudi. Vinavyokwaruza mara nyingi ni vumbi, na dawa ya kupuliza ya kusafishia sehemu za umeme huvimaliza. Vile vinavyozunguka bila mwisho hupata ugonjwa tofauti: unapandisha namba, inaruka au kurudi nyuma. Hilo dawa haliponyi kila mara.

Pedali ya kukanyagia ipe kazi ya sauti. Ikanyage kutoka kisigino hadi vidole huku ukitazama namba kwenye skrini. Ipande laini kutoka 0 hadi 100 bila kuruka. Tembelea na tyuna uone kama inashika uzi wa sita haraka.

Kelele: nani analia?

Zima kipunguza kelele ili usikie ukweli. Kisha endesha majaribio mafupi haya kwa mpangilio.

Chomoa gitaa. Mvumo ukiisha, ulitoka kwenye gitaa. Lirudishe, ugeuke polepole kwenye kiti; mvumo unaopungua na kuongezeka kadiri unavyogeuka ni pikapu (kidaka sauti cha gitaa) ya koili moja inayodaka umeme wa nyumba, na prosesa haina hatia. Gitaa likiwa limechomolewa na mvumo ukabaki, hamia kwenye betri. Ukitoweka, laumu adapta au nyaya za nyumba. Mvumo wa umeme wetu wa hezi 50 husikika karibu na G iliyo oktava moja chini ya G ya chini kabisa ya gitaa, na ule wa 100 unaotoka kwenye adapta mbovu uko karibu na G ya fret ya tatu kwenye uzi wa sita, ambayo ni hezi 98. Piga noti hiyo ulinganishe, sikio litakujibu. Mlio mwembamba wa juu, kama wa mbu, kwa kawaida hutoka kwenye chaja ya laptop au adapta nyepesi ya bei rahisi. Mchirizo wa "shhh" kwenye pachi yenye geini (ukuzaji unaoifanya sauti ikwaruze) kubwa ni wa kawaida.

Mvumo unaobaki kwenye betri, bila gitaa, bila kompyuta, ndio unaopaswa kukutia shaka.

Sauti safi kwanza

Pachi za kiwandani hutengenezwa zivutie dukani: geini nyingi, mwangwi mwingi, sauti pana. Ukipiga rumba, seben (sehemu ya haraka ya magitaa katika muziki wa Kikongo), au nyimbo za kusifu za makanisa yetu, maisha yako yote yatakuwa kwenye sauti safi, na ni kwenye sauti safi ambapo prosesa dhaifu hushindwa kujificha. Solo na mi-solo (gitaa lililo kati ya solo na rithimu) hupigwa juu ya shingo, kwa noti fupi za haraka zinazotakiwa kusikika kila moja peke yake. Hapo ndipo pa kupimia.

Tengeneza pachi mpya kutoka mwanzo. Chagua modeli ya amplifaya safi, ya mtindo wa Fender Twin au wa Roland JC-120, ambayo ni amplifaya ya mwaka 1975 yenye spika mbili za inchi 12 na chorasi yake maarufu (efekti inayofanya gitaa moja lisikike kama mengi). Karibu kila prosesa ina mojawapo kwa jina la kuficha. Besi, midi na trebo ziwe katikati. Usiongeze efekti. Piga mzunguko wa seben unaoujua usingizini, juu ya fret ya 12, kwa noti mbili mbili. Sikiliza mambo matatu: kama mguso mwepesi na mzito vinatofautiana, kama noti inafifia kwa ulaini au inakatika ghafla mwishoni, na kama nyuzi nyembamba zinachoma. Kisha ongeza kompresa (inayosawazisha nguvu za noti) kidogo, chorasi, na dilei (marudio ya sauti) fupi, moja baada ya nyingine. Kila inapoingia, jiulize kama noti bado zinahesabika.

Mwisho ndipo uende kwenye geini, ukishusha sauti ya gitaa lenyewe. Modeli nzuri husafika ukishusha. Mbaya hubaki na ukali uleule, ikipungua kelele tu.

Jambo ambalo limewafanya watu wengi warudishe prosesa nzima ni uigaji wa kabineti. Spika ya gitaa haitoi masafa yote. Celestion Vintage 30, kwa mfano, huishia karibu na hezi 5000. Prosesa ikitoa sauti ya amplifaya bila kuigiza kizuizi hicho, hedifoni na miksa zitakupa makali ya kuumiza meno. Kwa hiyo: hedifoni, miksa au spika za ukumbi, uigaji uwe umewashwa. Ukiingia kwenye amplifaya halisi ya gitaa, uzime, maana spika ya kweli ipo tayari. Usihukumu kabla ya kuhakikisha hilo.

Sabufa ya sebuleni

Wengi wetu hatuna spika za studio, tuna sabufa. Inafaa, kwa masharti. Tumia waya hadi kwenye AUX, usitumie bluetooth. Bluetooth inaweza kuchelewesha sauti hata sehemu ya tano ya sekunde, na hakuna anayepiga gitaa vizuri akiwa nyuma ya mkono wake. Shusha kitufe cha besi cha sabufa hadi sifuri na uzime kila kilichoandikwa kuongeza besi. Anza na sauti ndogo.

Hata hivyo, usiamini besi unayoisikia nyumbani. Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio husikia besi hafifu zaidi sauti ikiwa ndogo. Pachi uliyoinenepesha usiku majirani wamelala itavuma kanisani Jumapili na kulifunika gitaa la besi. Ikiwa prosesa ina kichujio, kata chini ya hezi 80 hadi 100, na juu ya 6000 hadi 8000. Ukiwa na njia, omba fundi mitambo wa kanisa au wa bendi akuruhusu kuichomeka kwenye miksa siku ya mazoezi kabla siku zako za amana hazijaisha. Jaribio hilo la nusu saa lina thamani kuliko usiku mzima wa hedifoni.

USB

Unganisha na kompyuta, uone kama inatambuliwa na kama programu yake ya kuhariri inafunguka. Za zamani huhitaji programu ambazo kompyuta mpya huzikataa, jambo ambalo ni vizuri kulijua mapema ikiwa ulipanga kurekodia. Kusasisha programu ya ndani kusifanyike siku ya kujaribu. Umeme ukikatika katikati ya kusasisha, kifaa kinaweza kushindwa kuwaka tena, na hapo si cha kurudisha. Baada ya kukinunua, fanya hivyo laptop ikiwa imejaa chaji na prosesa iko kwenye inverta au betri mpya.

Iache iwake

Hifadhi pachi yako, zima, chomoa, subiri, washa. Ipo? Vifaa vingine vya miaka ya 1990 huhifadhi kumbukumbu kwa betri ndogo ya ndani inayokufa. Hubadilishwa na fundi. Kisha iache ikiwaka saa mbili au tatu ukiendelea na shughuli, ukiipitia mara kwa mara kupiga noti chache na kugusa mwili wake. Uvuguvugu ni wa kawaida. Kujizima, skrini kuganda, au mikwaruzo inayoanza baada ya kupata joto ni nyufa kwenye maungio ya risasi ya bodi au vijenzi vilivyochoka, na hivyo haviponi kwa bei ndogo. Rudia asubuhi ikiwa baridi.

Kurudi kwa muuzaji

Nenda na karatasi. Adapta iliyokosekana, kitufe kinachokwaruza, swichi moja inayoruka: uliza fundi gharama kwanza, kisha omba hiyo ipunguzwe kwenye bei, ukimwonyesha muuzaji kasoro kwa macho yake. Jeki iliyolegea kwenye bodi inajadilika ikiwa una fundi unayemwamini. Kuzima kwa joto, mvumo usioondoka kwenye betri, au skrini isiyosomeka mchana, mimi ningerudisha na kuchukua amana yangu, kwani kwa pesa hiyohiyo nyingine itapatikana.

Mkikubaliana, mwandikiane risiti yenye namba ya utambulisho ileile. Ukifika nyumbani, zungushia adapta utepe wa rangi na uandike juu yake jina la prosesa, ili ruta ikikosa adapta yake siku moja, mtu asiibadilishe na hiyo.